Livue Hilo Sweta: Hotuba kwa Wazazi na Walimu

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa wazazi na walimu wa shule moja ya msingi, pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Waliokuwa shambani, kliniki na msibani wameomba wayapate. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka, ila salamu ndefu nimezipunguza.

Mheshimiwa Diwani, Afisa Elimu Kata, Mwalimu Mkuu na walimu wenzangu, wajumbe wa kamati ya shule, wazazi, na nyinyi bibi na babu mnaolea wajukuu: mbukwenyi!

Mmeitikia kama watu ambao hawajala. Narudia. Mbukwenyi! Hapo sawa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilishika chaki mwaka 1983, nikaiweka chini mwaka 2019. Katika miaka hiyo 36, miaka 14 nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Wanafunzi waliniita Madam Rula. Walidhani sijui. Nilikuwa na rula ya mbao ya mita moja, ile ya kuchorea ubaoni, lakini ubaoni ilifika mara chache. Kazi yake ilikuwa kupima sketi mstarini. Vidole vinne chini ya goti. Si vitatu, si vitatu na nusu.

Nimeombwa nizungumzie ukali wa shule kuhusu mavazi ya wanafunzi, kwa sababu naambiwa mwezi uliopita kuna watoto walirudishwa getini kwa ajili ya soksi. Mwalimu Mkuu, usiinamishe kichwa. Sikuja kukusema wewe. Nimekuja kujisema mwenyewe.

Nianze na jambo ambalo litawakera baadhi yenu: mimi naipenda sare. Sitaki ifutwe. Naipenda kwa sababu ya gauni langu la kwanza la shule. Baba yangu alilinunua kwa karanga. Sisi ni watu wa Kongwa, Kongwa ile ile ambako Waingereza walikuja na matrekta mwaka 1947 kulima karanga, wakashindwa, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Baba yangu aliziweza, kwa jembe la mkono. Akauza debe, akapata kitambaa, akampelekea fundi. Fundi akauliza, "La sasa au la kukulia?" Baba akasema, "La kukulia." Nani hapa hakuvaa nguo ya kukulia? Mikono juu. Mnaona? Hakuna.

Gauni lile lilikuwa na upindo mpana kama kiganja. Kila Januari mama aliufungua kidogo, akaushona upya. Pale ulipofunguliwa palibaki mstari wa bluu iliyoiva, kwa sababu jua la Ugogo lilikuwa halijapafikia. Nilipofika darasa la nne gauni langu lilikuwa na mistari mitatu. Ungeweza kuhesabu miaka yangu ya shule kwenye pindo. Na darasani nilikaa dawati moja na mtoto wa karani wa wilaya. Kwao kulikuwa na redio na baiskeli, kwetu kulikuwa na karanga. Lakini ukitusimamisha kwa mbele, yeye bluu, mimi bluu. Hiyo ndiyo kazi ya sare, ndugu zangu. Kumfichia asiyenacho.

Na haikuanza kwetu. Kule Uingereza kuna shule inaitwa Christ's Hospital, ilianzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya yatima na watoto wa maskini, nao wakavalishwa joho refu la bluu. Hadi leo wanalivaa. Kwa hiyo sare ya shule, tangu mwanzo wake, lilikuwa vazi la maskini. Wenye mali waliiga baadaye.

Sasa tujiulize. Vazi lililowekwa kumfichia maskini umaskini wake, limegeukaje kuwa kitu cha kumtolea nje?

Nawapa kisa. Ni changu, na si kizuri.

Ulikuwa mwezi wa saba. Mnaujua Julai wa Dodoma: asubuhi upepo umebeba vumbi jekundu, kipimajoto kinasoma nyuzi 13 au 14, na watoto wamejikunja mstarini kama kuku waliolowa. Sare yetu ilikuwa shati jeupe, kaptura au sketi ya dakibluu, na sweta la dakibluu. Niko mbele na rula yangu. Katikati ya darasa la tano naona zambarau.

Sweta la zambarau. Tena la kike, la vifungo, vifungo vyenyewe vya umbo la ua. Limevaliwa na mvulana.

Nikamwita mbele.

"Hili ni sweta la rangi gani?"

"Zambarau, madam."

"Sare yetu ni rangi gani?"

"Dakibluu, madam."

"Livue."

Hakulivua. Aliniangalia, akaangalia chini, akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayehesabu. Nikamwambia afanye haraka, tuna wimbo wa taifa. Akalivua.

Shati lake halikuwa na mgongo. Lilikuwa na kola, lilikuwa na kifua, lilikuwa na mikono. Mgongoni hapakuwa na kitu. Kitambaa kilikuwa kimeoza na kuisha, zikabaki nyuzi kwenye mabega. Kwa mbele alikuwa mwanafunzi nadhifu, tai hana lakini kola imenyooka. Sweta lile halikuwa la baridi peke yake.

Akageuka kurudi mstarini. Na akigeuka, mgongo anautazamisha kwa nani? Kwa shule nzima.

Walicheka. Watoto ni watoto. Mimi sikucheka, lakini sikumrudishia sweta pia. Nililipeleka stoo, kwa sababu utaratibu ulisema vazi lisilo la sare linachukuliwa, mzazi aje alikomboe. Tukaimba wimbo wa taifa.

Kesho yake hakuja. Wiki hiyo hakuja. Na niwaambie jambo: kesho yake hiyo mstari wote ulikuwa dakibluu tupu, na mwalimu mkuu wa wakati huo alinisifu mbele ya wenzangu. Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi.

Baada ya wiki mbili hivi alikuja mama. Mwembamba, amejifunga kitenge mabegani. Nikajiandaa kwa ugomvi, maana wazazi wa kukomboa vitu huja na moto. Hakuwa na moto. Akasema, "Mwalimu, lile sweta ni langu. Naomba unirudishie, na mimi nasikia baridi."

Basi. Hakusema kingine.

Nikaenda stoo kulitafuta. Ndugu zangu, sikuwahi kuiangalia ile stoo kwa makini. Nilikuwa nafungua mlango, natupa, nafunga. Siku ile ilibidi nipekue. Nikatoa moja, nikatoa la pili. Nyekundu, kijani, la mistari, la mlinzi, koti la suti la mtu mzima lililokatwa mikono. Nikafika arobaini na kitu nikaacha kuhesabu. Mengine panya wameshayatoboa. Hakuna aliyekuja kuyakomboa. Arobaini na kitu! Maana yake, miaka kadhaa, kila Julai, kuna nyumba arobaini na kitu ambako mtu alipata baridi kwa sababu yangu, na mimi nikadhani nafundisha nidhamu.

Nikamuuliza mama, mtoto yuko wapi? Akasema yuko kwa mjomba wake Bahi, anachunga. Nikamwambia arudi, nitamtafutia shati. Akasema ahsante mwalimu. Hakurudi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nililala kwenye nyumba ya mwalimu, blanketi mbili.

Sasa twende mbele kidogo, maana nimeona Mheshimiwa Diwani anaangalia saa.

Ukali wetu una upande. Hilo mlijue. Marehemu mjomba wangu alikuwa kijana wa Umoja wa Vijana wa TANU. Oktoba 1968 umoja huo ulipitisha azimio, likaitwa Operesheni Vijana, kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, mikorogo na suruali za kubana ni marufuku. Mjomba alitusimulia jinsi suruali ilivyopimwa kwa chupa: chupa inaingizwa kiunoni, ikikwama kwenye goti, umekwisha. Tulicheka sana. Miaka zaidi ya thelathini baadaye nilijikuta nimesimama getini, nimeshika chupa ya soda, napima modo, yaani suruali za kubana, za wavulana wa darasa la saba. Mjomba angefurahi.

Lakini tazameni nilivyoitumia chupa ile. Asubuhi moja nilikamata wawili. Wa kwanza ni mtoto wa mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Suruali mpya, kitambaa kizuri, ameipeleka kwa fundi aibane mpaka anatembea kama korongo. Huyu amevunja sheria kwa makusudi na kwa gharama. Wa pili suruali yake ilikuwa ya rangi nyingine kabisa, kaki iliyopauka, imekatwa kutoka kwenye sare ya baba yake mlinzi. Huyu hakuvunja kitu, amekosa. Nikafanya nini? Wa kwanza nilimpigia baba yake simu, tukaongea vizuri, tukacheka, nikamwambia kijana aifungue mishono jioni. Wa pili nilimwambia aende nyumbani akaje na mzazi. Nyumbani kwao ni kilomita nane.

Kwa nini sikumpigia baba yake wa pili? Hakuwa na simu. Ni hivyo tu. Sikumchukia. Lakini ukijumlisha hivyo tu na hivyo tu, mwisho wa mwaka daftari la utoro limejaa majina ya aina moja.

Na kuna jambo la utoro wenyewe. Hapa kuna kaya zinazopata ruzuku ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Hamna haja ya kunyoosha mikono, ni mambo yenu. Sharti mojawapo ni kwamba mtoto ahudhurie shule. Mahudhurio yakishuka, ruzuku inaweza kukatwa. Sasa tumrudishe mtoto kwa soksi, tumwandike mtoro, mama yake akatwe fedha ambazo ndizo zingenunua soksi. Mnauona mzunguko huo? Hata mbuzi akifungwa kamba fupi namna hiyo hujinyonga.

Wapo wanaosema elimu ni bure, mzazi anashindwaje sare? Tuelewane. Ada imeondolewa, ni kweli, na kuanzia Januari 2016 hata sekondari hadi kidato cha nne. Lakini Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, uliofafanua nani anabeba nini, uliiacha sare mikononi mwa mzazi, pamoja na madaftari, kalamu na matibabu. Sisemi ni vibaya. Nasema tusimwambie mama mwenye watoto wanne kwamba shule ni bure huku tumemshikia orodha. Na tukiongeza kwamba lazima kitambaa kitoke duka fulani, na nembo ishonwe na fundi fulani, hapo tumetoka kwenye elimu tumeingia kwenye biashara. Waingereza hao hao waliotuletea mtindo huu walitunga sheria mwaka 2021, shule zao zilazimike kuangalia gharama ya sare. Kwao! Wenye baridi ya kweli.

Kuhusu fimbo nitasema kwa ufupi, kwa sababu walimu wananijua. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi. Ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Binti achapwe na mwalimu wa kike au mkuu wa shule. Na kila kiboko kiandikwe kwenye kitabu. Niwaulize walimu wenzangu: ni nani kati yetu aliyewahi kuandika kwenye kitabu kile, "viboko viwili, kukosa soksi"? Hatuandiki. Tunajua lingesomekaje.

Mabinti. Hapa rula yangu inaniwasha mkono. Nilipima magoti ya mabinti mbele ya wavulana, kwa miaka 14, na nilidhani nawalinda. Binti wa darasa la sita anakua mwezi huu kwa mwezi ujao; sketi iliyomtosha Januari imepanda Septemba, na wala hajaifupisha. Ni mwili. Ukimsimamisha mbele ukamwambia sketi yako fupi, umewaambia wavulana wote watazame wapi? Kama una neno na binti, mwite ofisini, awepo mwalimu wa kike, mwambie kwa sauti ya mama. Ukimpa sindano na uzi, upindo huo huo wa kukulia utamsaidia.

Hijabu sitaizungumza sana, maana hapa kwetu si ugomvi. Nilifundisha Kondoa miaka minne, nusu ya darasa hijabu nyeupe, nusu hawana, na hesabu iliwashinda wote kwa usawa. Wenzetu imewasumbua: Ufaransa wana sheria ya mwaka 2004 inayokataza hijabu kwenye shule za umma, Kenya kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu, ikaamuliwa 2019. Malawi mwaka 2023 mahakama iliamuru watoto wa Kirasta wapokelewe shule za serikali na nywele zao, bila kunyolewa. Nawatajia hayo ili mjue kwamba kanuni ya mavazi inaweza kumfikisha mwalimu mkuu kortini, na mwalimu mkuu wetu mshahara wake nyote mnaufahamu.

Kuna mzee amenong'ona hapa, "Sasa unataka waje uchi?" Nimekusikia, baba mkwe. Hapana.

Nataka waje. Hilo la kwanza. Waje, waingie, wakae, wasome. La sare lifuate baada ya kipindi cha mwisho. Mwalimu wa zamu amwite mtoto pembeni, amuulize swali moja ambalo mimi sikuuliza kwa miaka 14: "Kwa nini umevaa hivi leo?" Ni swali rahisi. Atajibu, "Nimefua haijakauka." Atajibu, "Ndugu yangu amechukua." Au atajibu uongo, na mwalimu mwenye uzoefu anaujua uongo kabla haujatoka kinywani. Mwenye modo aendelee kupata joto la jiwe, huyo mniachie mimi.

Kuna watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya katika shule za msingi 328, kuanzia mwaka 2003. Baadhi ya shule, watoto walipewa sare bure. Hawakupewa kitu kingine, hakuna semina, hakuna T-sheti. Baada ya miaka mitatu walihesabu. Kwenye shule zisizopewa, kati ya mabinti 100, 19 waliacha shule. Zilizopewa, 16. Waliopata mimba au kuzaa, 16 kwa wale, 13 kwa hawa. Mtasema tofauti ni watatu tu. Mwenye binti wa darasa la sita aje aniambie hapa mbele kwamba watatu ni wachache, kama anajua wake hayumo.

Sare tulizonazo majumbani ni nyingi kuliko tunavyodhani. Mtoto amemaliza darasa la saba, kaptura imefanywa tambara la kupigia deki. Nimewaona. Zileteni. Wapo mafundi watatu hapa, nawaona walivyojificha nyuma ya mti, mmoja wenu alikuwa mwanafunzi wangu na hesabu zilimpiga chenga lakini mkono wake kwenye cherehani ni wa dhahabu. Shati lisilo na mgongo linahitaji mgongo tu. Nusu mita ya tetroni. Na kamati ikikubali leo kwamba kuanzia Juni mpaka Agosti sweta lolote lenye joto ni sweta, hata la zambarau, hata la vifungo vya maua, hatuhitaji kuomba kibali cha mtu.

(Hapa mjumbe mmoja wa kamati aliuliza kama hilo linaweza kupigiwa kura. Mwenyekiti alisema mkutano una akidi. Mikono ikanyooshwa. Waliopinga walikuwa wawili, mmoja wao baba mkwe.)

Nashukuru. Nimalizie, maana nanusa pilau.

Mwalimu Mkuu, uliponipokea asubuhi ulinizungusha shule nzima. Ukanionyesha madarasa mapya, ukanionyesha matundu ya vyoo, ukanionyesha tangi la maji ya mvua. Mazuri yote. Kuna mlango mmoja, pale kati ya ofisi yako na darasa la pili, una kufuli la Kichina. Tulipoupita uliongeza mwendo. Mimi nimekuwa mwalimu wa nidhamu miaka 14, mlango wa namna hiyo naujua kwa harufu.

Sikulaumu. Leo ni Jumamosi, wazazi wapo wote, mafundi wapo, watoto wanacheza pale uwanjani. Funguo unazo?

Basi, kabla ya chakula.